Moshi Hauingii Kwenye Chupa

Juzi sokoni niliokota chungu kipya nikaingiza pua ndani kabla hata sijauliza bei. Mama mwenye vyungu akanitazama kwanza, halafu akasema, "Dada, hicho ni cha kupikia, si cha kuvaa." Nikamwambia nanusa tu. Akasema kunusa ni bure ila nisivute sana, asije akabaki na chungu kisicho na harufu. Watu wa pale wakacheka na mimi nikacheka, lakini akili ilikuwa imeshazama humo ndani. Ile harufu ya chungu kilichochomwa majuzi mnaijua: moshi wa nyasi, udongo mkavu, na kitu fulani kama mvua ya kwanza ikigonga vumbi. Niliondoka na chungu ambacho sikukihitaji, na wala sikuomba kupunguziwa.

Kwa wale ambao hawakukulia kwetu, niseme hivi. Kijiji chetu kiko pale ambapo mlima unashuka moja kwa moja ziwani, na sehemu ya kulima iliyobaki ni kama leso. Kwa hiyo wanaume wanavua na kupeleka vyungu mnadani Matema kwa mtumbwi, na wanawake wanafinyanga. Mama yangu alikuwa anafinyanga. Anakanda udongo kwa miguu, anainua chungu kwa mikono, anakipaka udongo mwekundu, anakisugua kwa jiwe mpaka king'ae. Vikishakauka anavipanga chini uani, anavifunika nyasi na matete, anawasha. Moshi wake ulikuwa mweupe, mzito, mvivu. Ulitambaa chini chini ukaingia ndani na kukaa kama mgeni ambaye hajaambiwa ataondoka lini. Mpaka madaftari yangu yalinuka moshi. Mwalimu wa hesabu alisema ndiyo maana majibu yangu hayaonekani.

Na mimi nilikuwa na kifua. Siku hizi nasema pumu, nimeshakuwa mtu wa mjini, lakini enzi hizo ilikuwa "ana kifua" basi, kama vile wengine hawana. Kikibana kilipiga mluzi, hewa ikiingia inalia, ikitoka inalia. Shuleni waliniita Filimbi. Bibi yangu alipokuwa hai aliweka sikio mgongoni kwangu akasema, "Huyu mtoto amefuga vifaranga humu." Nikamwamini. Nikaacha kula mayai mwaka mzima, nikihofia kuongeza wengine.

Nesi wa zahanati hakusema vifaranga. Alimtazama mama kuanzia miguuni, penye udongo, mpaka kichwani, penye majivu, akasema, "Ni huo moshi wako, mama. Chagua mwenyewe, vyungu au mtoto." Tulirudi nyumbani. Mama alinibeba mgongoni njia nzima, na mimi nilikuwa mtoto mkubwa, miguu inaburuza.

Shangazi Tupokigwe, dada yake baba, ndiye aliyekuwa na jibu. Yeye aliolewa Ngana, wana kakao, wana mpunga, nyumba ya bati, na hakuna anayechoma chungu. Alikuwa na sauti ambayo ilitangulia kufika, yeye mwenyewe akifuata baadaye, salamu ameshazitoa.

"Mugonile! Kaka, huyu mtoto mtamzika. Nipeni mimi nikakae naye. Kwetu hewa ni ya bure."

"Kwani hapa tunauziwa?" baba akamuuliza.

"Hapa hewa hamna, kaka. Hapa mna moshi, na nyie mmelala katikati yake kama samaki wa kubanika."

Mama alikuwa anasugua chungu. Hakuinua kichwa. "Basi wifi, mimi naacha vyungu," akasema.

"Ukiacha vyungu tutakula nini?" baba akasema. Hakusema kwa ukali. Aliuliza kabisa, kama mtu anayetaka kujibiwa. Hata shangazi alinyamaza, jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla wala baada.

Wakakubaliana kwamba shule zikifungwa nitaenda Ngana, na shule nihamie huko huko. Mimi Ngana sikuwahi kufika. Nilichojua ni kwamba haina ziwa. Nikawa nawaza watoto wa kule wanaogea wapi, na kama hawaogi, kwa nini mimi ndiye niambiwe naumwa.

Ndipo wakaja watafiti. Walikuja na gari jeupe mpaka mwisho wa barabara, halafu na mtumbwi mpaka kwetu, maboksi yao wameyashika magotini kama mayai. Waliitisha mkutano wa wazazi wakaeleza: wanataka kujua kwa nini watoto wengine wa kando ya ziwa wanabanwa na kifua na wengine hapana, watatupima, watatulinganisha na watoto wa mjini. Mzee mmoja akauliza kama wamekuja kuchukua damu. Wakasema hapana. Akauliza sasa bila damu watajuaje. Ilichukua muda. Mama alikuwa wa kwanza kukubali.

Baba akasema nyumbani jioni ile, "Sasa tusikilize wataalamu. Wakisema ni moshi, mtoto anakwenda. Wakisema si moshi, anabaki." Shangazi alikuwa ameshafika kwa ajili ya kunichukua, akasema haya, atasubiri, lakini kitanda changu kule ameshakitengeneza.

Kwa hiyo mimi nilipoingia kwenye upimaji ule, wenzangu walikuwa wanakwenda kupata soda. Mimi nilikuwa nakwenda kumtetea mama.

Daktari wao alikuwa kijana wa miwani, viatu vyeupe, sijui nani alimdanganya kuhusu viatu. Msaidizi wake tulimwita dada Rehema. Kwanza walituwekea laptopu mbele ya darasa, wakaonyesha watoto wa nchi nyingine wakipumua. Mmoja alikuwa amekaa kitandani, mabega yanapanda na kushuka, kifua kinapiga mluzi. Daktari akauliza, "Nani hapa amewahi kupumua hivi?" Hakumaliza. Darasa zima liligeuka nyuma likapiga kelele, "Filimbi!" Nikasimama nikainama kidogo, kama kwaya ikishamaliza kuimba. Lakini moyoni nilimhurumia yule mtoto wa kwenye laptopu. Nilidhani na mama yake anachoma vyungu.

Halafu tukapuliza kijibomba chenye mshale. Unavuta hewa, unapuliza kwa nguvu zote, mshale unakimbia. Rafiki yangu Bupe alipuliza mpaka makamasi yakatangulia mshale. Mimi nilipuliza, mshale ukasogea kidogo ukasimama, kama ng'ombe aliyebadilisha mawazo. Dada Rehema akasema, "Tena, mdogo wangu." Nikapuliza tena. Ng'ombe ni yule yule.

Shida ilikuwa kwenye matone. Walituchora vialama vya kalamu mkononi, kuanzia karibu na kiwiko kushuka kwenye kiganja, wakaweka tone kwenye kila alama, kila tone na chupa yake ndogo, halafu wakachoma kidogo kwa kijisindano juu ya kila tone. Haiumi sana, ni kama siafu mwenye haraka. Dada Rehema alitaja kama anasoma matangazo ya kanisani: hapa vumbi la godoro, hapa mende, hapa paka, hapa nyasi. Atakachokikataa mwili wako, patavimba. Tone la juu kabisa, la karibu na kiwiko, hakulitaja. Akatuambia tukae nje kwenye kivuli cha darasa tusijikune, watakuja kupima na rula.

Tukakaa. Nikautazama mkono wangu kama mtu anayesubiri matokeo. Na kweli, lile tone la juu, lisilo na jina, likaanza kuwasha, likawa jekundu, likainuka. Nikaangalia mkono wa Bupe. Pale pale juu amevimba. Nikaangalia wa pembeni yake, amevimba. Nikapita mstari mzima. Wote, juu kabisa, uvimbe ule ule.

Mimi shule niliishia kidato cha pili, hesabu na mimi tuliachana kwa amani, kila mtu akabaki na vyake. Lakini siku ile kichwa kilifanya kazi ambayo hakijawahi kuirudia.

"Jamani," nikasema, "la juu ni moshi."

"Acha uongo," Bupe akasema.

"Nani hapa mama yake hachomi vyungu?"

Hakuna.

"Na nani hapa hajavimba pale juu?"

Hakuna.

"Haya sasa."

Niliona macho ya Bupe yakikua. Akautazama mkono wake, akanitazama mimi. "Kwa hiyo wote tunapelekwa Ngana?"

Sijui shangazi angetulaza wapi. Lakini hofu ilishaingia, na ilikuwa hofu ya darasa zima. Wakija na rula wakaona, mama zetu wote wataambiwa waache vyungu. Kila mtu alianza kupuliza mkono wake. Mwingine alitia mate. Nyuma ya darasa palikuwa na lundo la udongo wa mama mmoja, umelowekwa tayari kwa kukandwa, na kwetu mtoto akiumwa na nyuki anapakwa udongo mbichi, unavuta sumu, uvimbe unashuka. Hatukuambiana. Tulikimbia wote. Tukajipaka kuanzia kiwiko mpaka kiganjani, vizuri, kwa ufundi, maana tulikuwa watoto wa wafinyanzi, na wengine wakasugua kabisa ili ulale laini. Tukarudi kukaa kwenye mstari, mikono mbele, tumetulia kama vyungu vinavyosubiri jua.

Daktari akatoka na rula yake.

Alisimama muda mrefu. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Hiki ni nini?"

"Udongo, daktari," tukaitikia pamoja.

"Naona ni udongo. Kwa nini?"

Bupe, rafiki yangu wa damu, akanyoosha kidole chenye tope. "Filimbi ndiye kasema."

Nilidhani nitachapwa. Dada Rehema alikuwa ameshika mdomo, ameangalia ukutani, mabega yanatikisika. Daktari alichuchumaa mbele yangu, viatu vyake vyeupe vikaingia kwenye tope, akauliza nimesema nini. Nikamweleza. Kwamba tone la juu ni moshi, kwamba wote tumevimba kwa sababu ya mama zetu, na kwamba mimi nikionekana mama ataacha vyungu au mimi nitaondoka, na kwamba kule Ngana hakuna ziwa.

Hakucheka. Alikunja mkono wa shati lake, akachukua chupa ya tone la juu, akajidondoshea, akajichoma. "Tukae," akasema. Tukakaa wote tunautazama mkono wa daktari. Ukawasha, ukawa mwekundu, ukainuka, mkubwa kuliko wa Bupe.

"Mama yangu mimi ni karani Dodoma," akasema. "Hajawahi kushika udongo maisha yake yote. Hili tone linamvimbisha kila mtu. Tunaliweka kuona kama ngozi imeamka. Lisipovimba hili, hata hayo mengine siyaamini."

"Sasa moshi uko chupa gani?" nikauliza.

"Moshi hauingii kwenye chupa."

Nilimtazama kwa mashaka. Mtu ana chupa ya paka, atashindwaje na moshi?

Akaniambia taratibu, na maneno yale nayakumbuka kwa sababu ndiyo mara ya kwanza mtu mzima kuniambia jambo bila kuliweka sukari. Moshi unamchokoza kila mtu. Ukimpulizia yeye atakohoa, ukimpulizia mwenye kifua chake atakohoa zaidi. Lakini mzio ni jambo jingine, ni mwili wako kugombana na kitu ambacho mwili wa mwenzako hata haukioni. "Hicho ndicho nachokitafuta," akasema. "Mama yako simtafuti."

Wakatuosha mikono kwenye ndoo, kazi ya asubuhi nzima ikaenda na maji. Wakaanza upya na mkono wa pili, safari hii dada Rehema amesimama kati yetu na lile lundo la udongo. Mimi nikavimba pale juu kama watu wote, na kidogo kwenye vumbi la godoro. Godoro letu lilikuwa gunia la nyasi, sikushangaa, nilishangaa kuvimba kidogo tu. Daktari akapima, akakunja uso. "Hiki hakitoshi kumbana mtoto namna hiyo," akamwambia dada Rehema. Akataka kuonana na wazazi wangu, na jioni tukaenda naye nyumbani.

Tulikuwa tumefika uani, mama ametandika mkeka kwa mgeni, shangazi ameshaanza kumweleza daktari matatizo ya kifua kana kwamba yeye ndiye daktari, pale daktari alipotazama ziwani akashtuka.

"Kule kuna moto?"

Tulicheka wote. Juu ya maji zilikuwa zimesimama nguzo nyeusi ndefu, zinayumba, zinakaribia, kama moshi wa mtu anayechoma vyungu katikati ya ziwa. "Si moto daktari, ni kungu," baba akasema. "Inzi wadogo wa ziwani. Chakula hicho kinakuja."

Kungu wakija kwetu hakuna heshima. Mgeni anaachwa kwenye mkeka. Kila mtu anachukua kikapu au sufuria, anapaka mafuta ndani, anakimbilia ufukweni na kuizungusha hewani, kungu wananasa, unakomba, unafinyanga mkate mweusi, unakausha, unachoma na chumvi. Mama yangu ndiye aliyekuwa anajulikana. Mambo mengine yote alikuwa mpole, ila kungu wakija alipandisha kitenge magotini na kukimbia akipiga vigelegele, kikapu kinaruka kama kina mabawa. Aliwapenda kungu kuliko nyama, mkate wao aliutafuna taratibu, kru, kru, usiishe. Nyama ya ng'ombe alisema ni chakula cha wagonjwa. Na mimi nilikuwa nyuma yake na sufuria yangu, najirusha katikati ya wingu, mdomo wazi nikicheka, kungu wananiingia puani, masikioni, kila mahali. Daktari alijitupia koti lake jeupe kichwani, akakaa pale uani kama bi harusi.

Sikumaliza hata kujaza sufuria. Kifua kilifunga kama mlango uliopigwa na upepo. Nakumbuka nilirudi uani kwa miguu yangu, nikashika kuta, nikakaa kati ya vyungu vibichi vya mama. Hewa ilikuwepo, niliiona, lakini haikuingia. Nilisikia shangazi akipiga kelele, "Kaka! Mtoto!" na mama akatupa kikapu akaja mbio, mikono myeusi ya kungu.

Daktari aliniwahi. Alichukua chupa ya maji ya plastiki, akakata tundu kwenye kitako, akachomeka pampu ndogo ya bluu ya dawa ya kifua pale, mdomo wa chupa akauweka mdomoni kwangu. "Vuta taratibu. Tena. Tena." Mama alinishika kwa nyuma, nikausikia moyo wake ukigonga mgongo wangu. Baada ya muda mlango ukaanza kufunguka, kidogo kidogo, halafu zaidi, na nikaweza kusema. Neno la kwanza nililosema nadhani lilikuwa, "Sufuria yangu iko wapi?"

Daktari alikaa chini jasho linamtoka, kungu wamemganda kwenye miwani. Akauliza, "Mara ya mwisho alibanwa hivi ilikuwa lini?"

Baba na mama wakatazamana. Aliyejibu ni shangazi, sauti imeshuka mara ya kwanza tangu nimjue. "Si ile mliponitumia mkate wa kungu nikala na wageni wa kipaimara? Habari za mtoto kuumwa zilikuja na kikapu hicho hicho." Akahesabu kwa vidole. "Na ile kabla yake pia. Kaka, kila mkinitumia kungu mnaniambia mtoto anaumwa. Mimi nikadhani ni bahati mbaya yenu."

"Sijasema ndiyo," daktari akasema haraka. "Nasema nataka kujua. Nipeni hao wadudu niondoke nao." Wakamjazia kopo. Nadhani ndiyo mara pekee mtu alitoka kwetu na kungu bila kuulizwa atakula na nini.

Shangazi alirudi Ngana mikono mitupu. Baba alimwambia mtoto anasubiri jibu. Nikasubiri. Masika ikapita. Mama hakuchoma vyungu muda wote huo, alifinyanga tu akavipanga, mpaka uani hapakuwa na pa kukanyaga, na nyumbani tulikula muhogo asubuhi, muhogo jioni. Alikuwa anavigeuza kila siku jua likitoka, vikavu, viko tayari, halafu anavirudisha. Mimi nilijua anavisubirisha kwa ajili yangu.

Daktari alirudi na viatu vyeusi. Safari hii alikuwa na chupa moja tu ya ziada, ndogo, maji yake yana rangi ya chai nyepesi. Kungu wetu wale wale, wamesagwa huko mjini na kuchujwa. Alimweka tone Bupe, akajiweka na yeye, akaniweka mimi. Mama alisimama mlangoni. Mkono wa Bupe kimya. Wa daktari kimya. Wangu ulianza kabla hajaweka kifuniko. Ulivimba, ukatoa miguu, ukawa mpana kama andazi.

"Ndio hawa," daktari akasema.

Mama aliuliza swali moja tu. "Na vyungu?"

Daktari hakumpamba. Alisema moshi nao si rafiki yangu, siku ya kuchoma nikae mbali, upande ambao upepo unatoka, na nyasi mbichi wasichanganye. Lakini mtoto kuondoka kwao kwa sababu ya vyungu, hapana, haoni sababu. Akaacha pampu nyingine, hii ya kutumia kila siku hata nikiwa mzima, na akasema kungu nisiwale wala nisiwakaribie, wakionekana ziwani nifungiwe ndani.

Mama akamshukuru, "Ndaga fijo," akatoka. Baada ya muda tukasikia anavunja matete. Alichoma vyungu vyote siku ile ile, mimi nimepelekwa kwa kina Bupe juu mlimani, na kutoka kule niliuona moshi wake ukitambaa mpaka majini. Nilikuwa na furaha ya ajabu, furaha ya kuangalia moshi.

Kungu waliporudi nikafungiwa. Mama alilowesha khanga akaziba chini ya mlango na dirishani. Nje watu wanakimbia, Bupe anapiga kelele kama anachinjwa, vikapu vinavuma. Mama alikuwa ndani na mimi, amekaa gizani na bonge la udongo mapajani, anafinyanga kwa kupapasa.

"Mama, wewe nenda," nikamwambia.

"Niende wapi?"

"Kungu si hao."

"Nimewachoka. Wananinukia vibaya siku hizi."

Mikate yote ya akiba alikuwa ameshaigawa kwa kina Bupe, na hakuna kungu aliyevuka mlango wetu tena. Majirani wakileta, anawarudishia kwa adabu, eti tumbo linamsumbua. Na mimi nikaamini. Nilimwambia hata shangazi kwamba mama siku hizi hapendi kungu, ladha imemtoka mdomoni, umri huo. Miaka yote mpaka naolewa niliishi na mama asiyependa kungu, na sikuona ajabu yoyote. Mtu aliyewahi kuacha mayai kwa sababu ya vifaranga, mnategemea aone nini?

Nilipoolewa nikahamia mjini Kyela, mbali na maji, nikaanza biashara ya mitumba, kazi yenye vumbi kuliko zote, akili zangu mmeshazizoea. Haikupita hata wiki nikampigia mama simu kumsalimia. Akapokea, lakini sauti ilikuwa nzito, na katikati ya maneno kulikuwa na sauti nyingine, kru, kru, taratibu, ya mtu asiyetaka kitu kiishe.

"Mama, unakula nini?"

Ile kru ikakatika.

"Muhogo," akasema.

Muhogo hautafunwi hivyo, na mimi nimekula muhogo wa kutosha kujua. Nilikaa pale kwenye marobota yangu ya nguo, simu sikioni, nikimsikiliza anavyojizuia kutafuna na anavyoshindwa.

"Haya mama," nikamwambia. "Kula muhogo wako."

"Ndaga fijo, mwanangu," akasema, mdomo umejaa.